Kukusanya vijiaskari vya vita vya kikoloni: mwongozo kamili, toka kuchagua vita mpaka kutunza kabatini

Wengi wakiingia kwenye hii hobi ya vijiaskari, yaani sanamu ndogo za askari za chuma au plastiki, wanakimbilia kununua. Mtu anaona boksi la askari wa koti jekundu wa Uingereza anachukua, wiki ijayo anaona ngamia wa Sudan anachukua, halafu Makaburu wawili watatu, baada ya mwaka ana vipande arobaini kabatini na hakuna hata kimoja kinachoendana na mwenzake, saizi tofauti, rangi tofauti, miaka tofauti. Nilianza hivyo hivyo na ilibidi nirudi nyuma nianze upya, kwa hiyo haya ninayoandika hapa ni yale ambayo ningetamani mtu aniambie mapema.

Kwanza kabisa, chagua vita moja

Vita vya kikoloni ni vingi mno na kila kimoja kina mavazi yake, silaha zake na wapiganaji wake. Ukisema tu "nakusanya vita vya kikoloni" hujasema kitu. Vinavyopatikana kwa wingi kwenye vijiaskari ni hivi: vita vya Waingereza na Wazulu 1879, vita vya Sudan kuanzia miaka ya 1880 mpaka mapigano ya Omdurman tarehe 2 Septemba 1898, vita vya Makaburu 1899 mpaka 1902, na mapigano ya mpaka wa kaskazini magharibi mwa India ya wakati ule, kule kwa Wapathani, kama kampeni ya Tirah ya 1897 na 1898. Halafu kuna Jeshi la Kigeni la Ufaransa kule Sahara, hilo nalo lina wapenzi wengi sana.

Kwa anayeanza mimi nashauri vita vya Wazulu. Sababu ni rahisi, vilichukua miezi michache tu (Januari mpaka mapigano ya Ulundi, Julai 1879), mavazi hayakubadilika sana, na vijiaskari vyake vipo vya kila aina ya mfuko, toka plastiki ya bei ya chini mpaka vile vya chuma vilivyopakwa rangi kwa mkono. Sudan ni ngumu kidogo manake ukichanganya askari wa 1884 na wa 1898 umeshaharibu. Wale wa mwanzo utawakuta baadhi bado na koti jekundu au la kijivu, wa mwisho wote ni kaki.

Na hapa niseme jambo ambalo kwangu ndio roho ya mkusanyiko: nunua pande zote mbili, na nunua kwa uwiano unaoeleweka. Hivi vijiaskari vya zamani vilitengenezwa London na Ujerumani na Paris, kwa ajili ya watoto wa walioshinda. Ndiyo maana koti jekundu utalikuta kila mahali, lina afisa, lina mpiga tarumbeta, lina daktari, lakini Mzulu ana pozi moja tu, anakimbia na ngao. Kabati lenye Waingereza themanini na Wazulu kumi linadanganya. Mapigano ya Isandlwana, tarehe 22 Januari 1879, yalikuwa kama Wazulu 20,000 dhidi ya watu wasiofika 2,000, na jeshi la Uingereza likapoteza zaidi ya 1,300 siku hiyo hiyo. Ukiweka sheria yako mwenyewe, tuseme kwa kila koti jekundu moja angalau Wazulu watatu, kabati linaanza kusema ukweli.

Saizi, usiipuuze hii

Saizi inapimwa kwa milimita kutoka nyayo mpaka usawa wa macho au utosi, inategemea mtengenezaji, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Saizi ya zamani inayojulikana kuliko zote ni 54mm, inakaribia sana skeli ya 1/32, yaani mdogo mara 32 kuliko mtu wa kweli. Hiyo ilishika kwa sababu ya kampuni ya Britains ya London, walitaka askari wao waendane na treni za kuchezea za wakati ule. Vijiaskari vipya vya bei ya juu vingi ni vikubwa zaidi, skeli ya 1/30, kwa mfano kampuni ya King & Country ya Hong Kong. Ukiweka cha 1/30 jirani na cha Britains cha zamani, yule wa zamani anaonekana mtoto. Kuna 28mm, hii ni ya wale wanaocheza michezo ya vita mezani, na kuna 1/72, vidogo vya plastiki kama sentimita mbili na nusu hivi, hivi ndivyo vinafaa ukitaka kujaza uwanja mzima wa mapigano bila kufilisika.

Chagua saizi moja, labda mbili kama una kabati mbili. Tembea na rula. Mwuzaji akiandika "saizi ya kawaida" muulize milimita ngapi na kuanzia wapi mpaka wapi.

Jua umeshika kitu gani mkononi

Hii sehemu nitaikalia kidogo kwa sababu ndiyo inayookoa hela.

Vya zamani kabisa ni vile bapa vya bati vya Ujerumani, Nuremberg, vyembamba kama sarafu, na saizi ya 30mm ilizoeleka kupitia kwa Heinrichsen wa mji huohuo katikati ya karne ya 19. Halafu vikaja vya mviringo vilivyojaa risasi ndani (nasema risasi ile metali), Heyde wa Dresden na Mignot wa Paris ndio majina makubwa. Hivi ni vizito, ukikiweka kiganjani unakisikia.

Mwaka 1893 William Britain mdogo akaja na mbinu ya kuviacha wazi ndani. Fundi anamimina risasi iliyoyeyushwa ndani ya kalibu, inapogusa ukuta wa kalibu inaganda ganda jembamba, na kabla ya katikati haijaganda anapindua kalibu haraka na kuimwaga iliyobaki irudi chunguni. Kinachobaki ni askari mwenye ngozi ya chuma na tumbo tupu. Risasi inatumika kidogo, bei ikashuka, na Wajerumani wakapata mpinzani wa kweli sokoni. Ndiyo maana ukikigeuza kijiaskari cha aina hii unakuta katundu kadogo mahali, kwenye kitako au utosini, hapo ndipo risasi ilipotokea. Na ni chepesi kuliko unavyotarajia.

Britains ndio waliotoa seti ambazo wakusanyaji wa vita hivi wanazitafuta sana: Wazulu (seti namba 147) wanaokimbia na ngao na mikuki na rungu, Makaburu, kikosi cha ngamia cha Misri, na seti namba 225 ambayo kwangu inanigusa zaidi ya zote, King's African Rifles, askari wenye tarbushi na bunduki begani. KAR, ile ile ya babu zetu. Wametengeneza risasi mpaka 1966, baada ya hapo ni plastiki, na miaka ya baadaye wakarudi kwenye metali ya aina nyingine iliyojaa ndani.

Kuna na vya mchanganyiko, Elastolin na Lineol wa Ujerumani, ni unga wa mbao na gundi na udongo uliokandamizwa juu ya waya. Vinapendeza ila unyevu unaviua, vinapasuka nyufa na waya wa ndani unashika kutu. Kama ndio unaanza vikwepe.

Vya kisasa: kwa plastiki ya 54mm Armies in Plastic wa Marekani wana vita karibu vyote vya kikoloni, Zulu, Sudan, Makaburu, mpaka wa India. Kwa 1/72 Italeri na HaT. Kwa 28mm, Perry wana Sudan nzuri sana, na Foundry wana mfululizo wa Afrika ya ndani ya karne ya 19 wenye mpaka ruga-ruga, ndio, wale wapiganaji wa zama za Mirambo. Nilipowaona mara ya kwanza nilikaa nawaangalia nusu saa, mtu wa historia yetu kwa urefu wa kidole.

Kukagua kabla hujalipa

Anza chini, sura iache mwisho. Kitako kinasema mengi kuliko sura.

Kuanzia mwaka 1900 Britains walikuwa wanabandika karatasi ndogo chini ya kitako yenye jina na tarehe, kwa sababu watu walikuwa wanawaibia miundo, baadaye wakaanza kuyachapa maandishi kwenye chuma chenyewe. Sasa sikiliza hapa kwa makini: ile tarehe ni ya kusajili muundo, siyo ya siku kijiaskari kilipotengenezwa. Mtu anakuuzia kitu anakwambia "hiki cha 1900 na kitu, si unaona imeandikwa", kumbe kimetoka kiwandani miaka mingi baadaye. Tarehe inakwambia tu kwamba hakiwezi kuwa cha zamani zaidi ya hapo.

Ukimaliza chini nenda shingoni. Vichwa vya hivi vya uwazi ndani vinakatika kirahisi, na watoto wa enzi hizo walikuwa na dawa yao, wanachomeka kijiti cha kiberiti ndani ya shingo halafu wanarudishia kichwa juu yake. Nina Mzulu mmoja ambaye kichwa chake kinazunguka kidogo ukikisukuma kwa kucha, na ukimulika tochi kutokea upande unauona ule mti mwembamba umekuwa mweusi kwa uzee. Sijamrekebisha na sitamrekebisha. Ila lazima bei iseme kwamba kuna kijiti, ukilipa bei ya kizima umepigwa.

Mikono ndio inafuata. Mikono mingi ya Britains inazunguka kwenye kipini begani, inapotea, na kuna watu wanauza mikono mipya ya kubadilishia. Linganisha rangi ya mkono na ya kifua, kama kifua kimezeeka kuwa cha maziwa na mkono unang'aa, umebadilishwa. Angalia pia ncha za mikuki na mitutu ya bunduki, zile zilizovunjika na kupigwa faili zikawa fupi. Weka picha ya seti nzima kwenye simu ulinganishe urefu.

Rangi iliyopakwa upya ni tatizo kubwa kuliko yote, manake inashusha thamani sana na inafichika. Chukua tochi ya UV kama ile ya kukagulia noti, zima taa, mulika. Rangi ya kisasa mara nyingi inaitikia mwanga tofauti na ya zamani, unaona mabaka. Na lenzi ya kukuza mara kumi itakuonyesha kama rangi mpya imepita juu ya mikwaruzo ya zamani, yaani mkwaruzo umo chini ya rangi, jambo ambalo kwenye rangi ya kiwandani haliwezi kutokea.

Ukinunua mtandaoni omba picha nne: mbele, nyuma, chini ya kitako, na moja ya karibu ya uso. Asiyetaka kupiga picha ya kitako achana naye. Seti ikisemwa "iko na boksi lake" uliza kama boksi ni la seti hiyo kweli, kuna watu wanaoanisha boksi la hapa na askari wa pale. Na kwenye mnada jiandikie kikomo chako kwenye karatasi kabla haujaanza, pamoja na kamisheni ya mnada na usafiri, vile viwili vinapandisha bei kuliko unavyodhani.

Afya, kabla sijasahau

Risasi ni sumu. Siyo ya kuogopa kushika, ila nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, usile wala kunywa juu ya meza ya kazi, usipige msasa mkavu ule unga ukapaa hewani, na watoto wadogo wasiviguse kabisa, hasa wanaotia kila kitu mdomoni. Rangi za zamani nazo zina risasi ndani yake. Mtoto akitaka kucheza mnunulie vya plastiki vya kisasa, na atafurahi zaidi kwa sababu hutamfokea vikianguka.

Kusafisha na kurekebisha

Vya zamani: brashi laini kavu ya kupakia rangi, basi. Maji acha, sabuni acha, na dawa ya kung'arishia usiikaribie. Vumbi likigoma tumia pamba ya sikioni iliyoloweshwa kidogo tu na maji yaliyochujwa, na jaribu kwanza chini ya kitako. Kichwa kilichotoka kirudishie kwa gundi inayoweza kutolewa baadaye, usitumie lehemu, moto unayeyusha ngozi ya askari mwenyewe kabla hujakaa sawa, ni nyembamba ile.

Vya plastiki vipya unaweza kuvipaka mwenyewe, na ni raha kubwa. Vioshe kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kuna mafuta ya kiwandani juu yake na rangi haishiki. Vikikauka piga praima (rangi ya kwanza ya kushikia) inayokubali kujikunja, kwa sababu plastiki yake ni laini na bunduki zinapinda, rangi ya kawaida inabanduka magamba magamba. Halafu rangi ya akriliki, kisha rangi nyeusi au kahawia iliyochanganywa na maji mengi iingie kwenye mikunjo, mwisho vanishi.

Kwa kikosi cha 24 cha Waingereza wa 1879: koti jekundu, kola na urembo wa mikono kijani cha majani, suruali bluu iliyokoza yenye mstari mwekundu pembeni. Kofia usiiache nyeupe! Askari wenyewe walizichovya kwenye chai na vitu vingine ziwe kahawia zisionekane kwa mbali, na bamba la shaba la mbele wakalitoa. Hilo tu linatofautisha aliyesoma na asiyesoma.

Kwa Wazulu, tafadhali usipake nyeusi ti. Seti nyingi za zamani zilifanya hivyo, watu wote sura moja rangi moja, na hata leo naona wapakaji wazuri kabisa wanaharakisha upande huu kama vile hawahesabiki. Changanya kahawia tatu au nne tofauti, watu hawafanani, paka kimoja nyekundu kidogo, kingine cha chokoleti. Ngao ndiyo kitambulisho, ng'ombe wa mfalme walichaguliwa ngozi kwa rangi, vikosi (wao wanaita amabutho) vya vijana vilielekea ngao nyeusi na kahawia, vya wazee waliooa vilielekea nyeupe, ingawa kufikia 1879 utaratibu ulikuwa umelegea. Aliyeoa alivaa isicoco, ile pete nyeusi kichwani. Kwa hiyo ukiweka kikosi cha uThulwana, wale wa mapigano ya Rorke's Drift, watu wazima wa miaka arobaini na kitu, wape pete na ngao za kuelekea nyeupe, na iNgobamakhosi wa Isandlwana wasiwe na pete, hao walikuwa vijana. Manyoya marefu na mapambo mengi ni ya sherehe, vitani wengi waliyaacha nyumbani. Na wape baadhi yao bunduki, walikuwa nazo nyingi tu za zamani.

Kupanga na kutunza

Hapa niliumia. Nilikuwa na kabati zuri la mbao ya mwaloni, nzito, imefungwa vizuri na kioo, nikaweka vijiaskari vyangu vya risasi nikaridhika. Baada ya miezi kadhaa nikafungua nikasikia harufu kama ya siki kwa mbali, na miguuni mwa farasi wawili kulikuwa na unga mweupe kama chumvi. Hiyo ndiyo wenyewe wanaita ugonjwa wa risasi. Mbao kama mwaloni inatoa asidi polepole, hewa ikifungiwa ndani asidi inakula risasi na kuigeuza unga. Sehemu iliyoliwa hairudi. Nilichoweza ni kuvihamisha, kuutoa ule unga kwa brashi yenye unyevunyevu nikiwa na glavu na barakoa, na kuviacha mahali penye hewa kavu.

Kwa hiyo: kabati la chuma na kioo, au kama ni mbao basi iliyofunikwa vizuri, na iwe inapitisha hewa. Mbao za kubandikwa kwa gundi, zile za MDF, nazo zinatoa asidi. Maboksi ya zamani ya karatasi ngumu yatunze ila usilaze askari humo, yana asidi vilevile, weka boksi kwake na askari kwake. Unyevu uwe wa wastani, pakiti za silika jeli zinasaidia, zibadilishe zikishiba. Jua la moja kwa moja hapana, rangi zinafifia. Ukisafirisha, funga kila kimoja kwa karatasi laini isiyo na asidi kwanza, ile plastiki yenye mapovu isigusane na rangi, inaacha alama za duara.

Kwenye kupanga, Wazulu wanapendeza ukiwapanga kwa ule mtindo wao wa pembe za ng'ombe: kifua katikati, pembe mbili pembeni zinazunguka, na kiuno nyuma wakisubiri. Weka pembe ya kushoto na ya kulia vijana, nyuma watu wazima wenye pete. Waingereza mstari mwembamba, wameachana sana, kama walivyokuwa kweli siku ile ya Isandlwana. Mtu akisimama mbele ya kabati anaelewa kilichotokea bila wewe kueleza.

Daftari

Kila kipande kipe namba. Andika umekinunua lini, kwa nani, kiasi gani, kina kasoro gani, na piga picha ya kitako. Kama mwuzaji alikwambia kilikuwa cha nani, andika pia, maneno yake yale yale. Namba usiiandike kwenye rangi wala usibandike stika ya gundi, andika kwenye kipande cha karatasi isiyo na asidi ukiweke chini ya kitako. Mimi kwenye ukurasa wa yule Mzulu wa kijiti cha kiberiti nimeandika: kichwa kilirekebishwa na mtoto, kiachwe hivyo.